Yai la Saba Lilinishinda Mara Tatu

Februari 2024 nilitundika picha saba katika ukumbi mdogo wa maonyesho mjini Turku, kusini-magharibi mwa Ufini. Zilinichukua mwaka na miezi minne. Zilinila euro 1,640, zikanitia aibu mbele ya mwenye msitu, na moja ikaacha michirizi ya kutu kwenye ukuta wa watu. Tangu hapo wamenitafuta ndugu kadhaa tunaoishi nao huku Ulaya, wanaotaka kujaribu kazi ya namna hii, ya kuchanganya rangi na maganda, sufi, chuma na nguo katika picha moja. Kila mmoja nimemjibu kwa ujumbe wa sauti wa dakika kumi. Koo imechoka, leo naandika.

Mimi si msanii wa shule. Nimezaliwa Tanga, nikafundishwa cherehani na shangazi yangu pale barabara ya kumi na tano, na hapa Turku nafanya usafi shuleni, zamu ya alfajiri. Oktoba 2022 nilijiandikisha kozi ya jioni ya chuo cha watu wazima. Nikisema kweli, nilifuata joto na watu wa kuzungumza nao Kifini. Mwezi Novemba huku saa kumi jioni kumeshakuwa usiku, na ukikaa ndani peke yako utaanza kuongea na friji. Mwalimu akatupa kazi ya msimu mzima: chagueni hadithi ya mwanzo wa dunia, muitengeneze kwa vitu, si kwa rangi tupu.

Nikachagua ya wenyeji. Katika Kalevala, kitabu cha nyimbo za kale zilizokusanywa na daktari Elias Lönnrot, mwanzoni kulikuwa na maji na hewa. Ilmatar, binti wa hewa, alichoshwa na upweke wa huko juu akashuka baharini. Upepo na mawimbi vikampa mimba, akaibeba miaka mia saba bila kujifungua. Akaja bata mpiga mbizi, sotka kwa Kifini, anahangaika hana pa kutaga. Ilmatar akainua goti juu ya maji. Bata akalidhania kijilima cha nyasi, akataga mayai sita ya dhahabu na la saba la chuma. Akayaatamia, siku ya tatu goti likawaka moto, Ilmatar akashtuka akalitikisa, mayai yakaanguka yakavunjika. Nusu ya chini ya ganda ikawa ardhi, nusu ya juu mbingu. Kiini kikawa jua, ute ukawa mwezi, vidoadoa vikawa nyota na vipande vyeusi vikawa mawingu.

Nilimpigia mama nikamsimulia. Akanyamaza kidogo, akauliza: "Mwanangu, mayai hayo ni ya kienyeji au ya kisasa?"

Kilichonifunga kwenye hadithi ile kilikuwa sauti yake. Kifini changu wakati huo kilikuwa cha dukani na kazini, na lugha ya Kalevala ni ngumu hata kwa wenyewe. Lakini mkutubi mmoja alinisomea ukurasa wa kwanza kwa sauti, na vidole vyangu vikaanza kuhesabu vyenyewe kama tulivyofundishwa kuhesabu utenzi: mizani nane, pumzi, mizani nane tena. Nane nane mpaka chini ya ukurasa. Nusu ya maneno sikuyaelewa, ila mwendo wake niliujua tangu utotoni.

Basi nikaanza na maganda, na maganda ndiyo yaliyonipiga kofi la kwanza. Nilitaka ganda halisi liwe ardhi na mbingu. Jiko la shule yetu linatumia mayai ya maji yanayokuja kwenye pakiti, ganda hupati hata moja, kwa hiyo nilikusanya kwa jirani yangu Msomali anayeoka keki za harusi. Ganda la yai lina utando kwa ndani. Ukibandika bila kuutoa, gundi inaushika utando badala ya ganda, na utando ukikauka unajikunja na kubandua kila kitu kipande kwa kipande. Nikadhani siki itautoa. Siki haina habari na utando, inakula ganda lenyewe. Yalitoa mapovu usiku kucha, asubuhi nikakuta ndoo ya vingozi vilaini vitupu. Njia inayofaa ni kuyachemsha dakika kumi, kisha kuvua utando ndani ya maji kwa kidole gumba. Au kuyalaza kwenye maji yenye jiki kidogo na kuyasuuza mara nyingi.

Na hapa niwe mkali. Jiki na siki visikutane, si kwenye ndoo, si kwenye sinki. Vikichanganyika vinatoa gesi ya klorini, inayochoma mapafu. Mimi nilikuwa na vyote viwili chini ya meza moja ya jikoni, na mtoto analala chumba cha pili. Mfanya usafi mzima! Somo hilo tunapewa siku ya kwanza kazini.

Kisha gome. Nilitaka gome la koivu, mti ule wenye ngozi nyeupe unaouona kila kona ya nchi hii, liwe ufuko, maana baada ya mayai kuvunjika Ilmatar alianza kuunda rasi na ghuba kwa mikono na nyayo zake. Juni ndiyo msimu: utomvu umepanda, gome linaachia kama ganda la ndizi mbivu. Nilikuwa nimesikia sana habari za haki ya kila mtu, kwamba huku msitu ni wa wote, tembea, lala hemani, chuma matunda. Nikachukua kisu, nikaenda nyuma ya mtaa, nikavua mti mmoja mkanda wa kama dhiraa moja. Mzee mmoja aliyekuwa anatembeza mbwa akasimama. Hakufoka. Aliniuliza tu kama mti ule ni wangu. Ulikuwa wake.

Haki ile inahusu matunda ya porini, uyoga, na maua yasiyolindwa. Gome na matawi ya mti ulio hai ni mali ya mwenye ardhi, na mti uliovuliwa hivyo hubaki na kovu jeusi. Nilimwomba radhi kwa Kifini kilichokatikakatika, nikamwambia ninachotengeneza, nikarudi nyumbani masikio yanawaka. Wiki mbili baadaye nilimkuta tena njiani, naye akaniambia anakata miti mitatu ya kuni, niende nikavue nitakavyo. Kwa hiyo, ukitaka gome, tafuta mtu anayekata miti mwezi Juni, na umwombe kabla ya kisu kutoka mfukoni. Mayai ya ndege wa porini usiyaguse kabisa, yanalindwa na sheria. Bata wangu alitaga mayai ya kuku na hakuna aliyelalamika.

Mbao nazieleza upesi. Plaiwudi nyembamba ukiipaka upande mmoja tu, inapinda kama ungo. Paka mbele na nyuma siku hiyo hiyo. Jua nililipaka kwa kiini cha yai, ufundi wa zamani sana: unakiviringisha kiini kwenye kiganja mpaka ute wote uishe, unakibana ngozi yake kwa vidole viwili, unakitoboa, ile njano inatiririka chomboni na ngozi inabaki mkononi. Tia maji kidogo, tia rangi ya unga, tumia siku hiyo hiyo kabla haijanuka. Ila rangi hii inataka chini yake chaki iliyochanganywa na gundi ya ngozi. Jua langu la kwanza nililipaka juu ya praima nyeupe ya kawaida ya dukani, likachanika magamba kama ukuta wa nyumba ya pwani uliokula chumvi.

Sasa yai la saba.

Mara ya kwanza nililitengeneza kwa waya wa kusugulia masufuria, ule laini, nikaufinyanga uwe yai, nikaunyunyizia siki na chumvi ushike kutu, nikafunika ubao mzima kwa nailoni ili unyevu usitoke. Kutu ilikuja nzuri, rangi ya udongo wa Lushoto. Lakini kwenye ubao huo huo nilikuwa nimeshabandika mayai sita ya dhahabu, na dhahabu yenyewe ilikuwa bandia, vile vikaratasi vya shaba vya bei nafuu. Mvuke wa siki ukaifanyia kazi. Nilipofunua nailoni, mayai yangu ya dhahabu yalikuwa na ukungu wa kijani kama birika la shaba lililosahauliwa kabatini.

Nilipeleka ubao ule darasani nikiwa karibu kulia. Mwalimu (huku mwalimu huitwa kwa jina lake tu, lakini mimi ulimi ulikataa, nikamwita mwalimu mpaka mwisho) akautazama, akasema: "Hujui synty yake."

Synty ni kuzaliwa, chimbuko. Akanieleza kwamba humo humo kwenye Kalevala, Väinämöinen, mwana wa Ilmatar, alikuwa anachonga mashua, shoka likamkata goti, na damu ikakataa kusimama. Mganga mzee alishindwa kuizuia mpaka akumbushwe chuma kilitoka wapi. Ndipo Väinämöinen akamwimbia: wasichana watatu walidondosha maziwa juu ya nchi, maziwa meusi yakawa chuma laini, meupe yakawa chuma kigumu cha pua, mekundu yakawa chuma kinachovunjika. Kilipotajwa chimbuko chake, chuma kikatulia. Kwa wale waimbaji wa kale ndiyo ilikuwa kanuni: usiyemjua alikotoka hakutii.

Nilikwenda nyumbani nikaanza daftari jipya. Kila kitu nilichotaka kubandika kilipata ukurasa wake: kimetoka wapi, kinachukia nini, kinafanya nini kikilowa, kinafanya nini kikikauka, kinapatana na nani. Ganda, gome, sufi, kiini, shaba, chuma. Ningelianza na daftari hilo, ningeokoa miezi mitano. Kama utaiga kitu kimoja kwangu, iga daftari.

Hata hivyo chuma kilinishinda tena. Mara ya pili niliacha siki, nikanunua unga wa chuma, nikaukoroga kwenye gundi nyeupe ya mbao na kuupaka. Gundi ile ni ya maji. Kutu ilianza chini yake, ikapenya kwenye chaki, ikasafiri taratibu mpaka kwenye mwezi niliouunda kwa ute na maganda meupe. Mwezi ukapata mishipa ya rangi ya chungwa. Wapo darasani waliousifu, wakasema niuache. Nilijaribu kuupenda wiki nzima, sikuweza, nikaukwangua.

Kati ya kushindwa kwa pili na kwa tatu niliacha kabisa, Machi hadi Mei 2023. Ombi langu la ruzuku nililoliandika vuli lilikuwa limekataliwa, na nilipolisoma upya sikuwalaumu: nilikuwa nimeandika kurasa mbili za hisia na hakuna mahali niliposema nitatengeneza picha ngapi, kwa vitu gani, kwa muda gani, na zitaonyeshwa wapi. Andika bajeti kwanza, hisia zitajisemea kwenye picha.

Kilichonirudisha ni jumba la sanaa la Turku. Ipo pale picha ya Akseli Gallen-Kallela ya mwaka 1896, Väinämöinen mashuani ameinua upanga, anagombania Sampo, kinu cha ajabu chenye kuleta utajiri, na Louhi, bibi wa kaskazini aliyejigeuza ndege mkubwa. Nilikuwa nimeitazama mara nyingi. Siku hiyo nikasoma habari za mchoraji, nikakuta kwamba mwaka 1909 alichukua mke na watoto wake wawili, akasafiri hadi Nairobi, akaishi na kuchora Kenya kwa zaidi ya mwaka mmoja. Mtu aliyewapa Wafini sura za mashujaa wao alikwenda kwetu kutafuta rangi! Aliwinda pia, tena sana, na hilo silipendi. Lakini nilitoka pale nikiwa nimeacha kujiuliza kama nina ruhusa.

Maana swali hilo lilikuwa linanitafuna. Mwenzangu mmoja darasani aliniambia mara tatu, kwa nia njema, nitie "kitu cha Afrika". Wengine, pamoja na watu wa kwetu, waliniuliza kwa nini nisichore simba, au hadithi za kwetu. Jibu langu lilikuwa kanga. Mama alinitumia doti moja yenye jina *Usisafirie nyota ya mwenzio*. Nilicheka peke yangu ukumbini: mimi hapa nasafiria nyota, jua na mwezi wa wenzangu, na mama ananitumia onyo bila kujua. Nikakata jina lile, nikalishona kwenye picha ya nyota, kati ya vidoadoa vya ganda. Liliingia kwa sababu lilikuwa linanisema. Kama lingekuwa pambo la kuonyesha kwamba mimi ni Mwafrika, lingebaki kabatini.

Makosa mawili ya ujinga lazima niyataje. Nilinakili urembo kutoka kwenye kitabu cha ufundi wa kienyeji, alama iitwayo tursaansydän, nikaizungusha pembezoni mwa ubao. Bibi mmoja darasani akanivuta kando: "Rudi nyuma hatua kumi uitazame." Kwa mbali ilikuwa inafanana na msalaba wa Manazi. Alama ni ya kale kuliko wao, lakini mtazamaji hatakuja na kamusi. Niliisaga kwa msasa.

La pili lilikuwa la maneno. Kwenye kibandiko cha maelezo niliandika kwamba hivi ndivyo Wafini wa kale walivyoimba. Mgeni mmoja mwenye asili ya Karelia, eneo la mpakani mwa Ufini na Urusi, alinisahihisha kabla ya ufunguzi. Nyimbo nyingi zilikusanywa Karelia, sehemu kubwa upande ambao leo ni Urusi, na katika nyimbo za huko mayai hutagwa juu ya goti la Väinämöinen mwenyewe akielea baharini. Hivyo ndivyo ilivyokuwa hata katika Kalevala ya kwanza ya 1835. Ni Lönnrot aliyemweka mama, Ilmatar, mahali pake katika toleo la 1849. Nilichapisha vibandiko upya nikiwataja wote: waimbaji wa Karelia, kisha daktari. Gharama ya pili ya uchapaji iliniuma, ila ningeona aibu zaidi.

Fedha zilikwenda hivi. Kodi ya ukumbi wiki tatu, euro 780, ililipwa mbele. Kumbi nyingi ndogo huku humtoza msanii, usishangae kama nilivyoshangaa. Mbao na fremu 265. Rangi, chaki, gundi na nta 190. Dhahabu bandia 22 na halisi 58. Sufi ya kutengenezea bahari 75. Vibandiko mara mbili na vinywaji vya ufunguzi 150. Vilivyoharibika 55. Rangi ya ukuta 45, naijia sasa hivi. Niliuza picha mbili, moja 350 na nyingine 420, ukumbi ukachukua asilimia 30, nikabakiwa na 539. Uliza kuhusu asilimia hiyo kabla ya kupanga bei. Uliza pia nani atakaa ukumbini kila siku. Kwangu jibu lilikuwa mimi mwenyewe, kwa hiyo nilitoka zamu ya alfajiri nikaenda kukaa mpaka jioni, siku nyingine nikisinzia chini ya jua la kiini.

Kwa maonyesho yale, yai la saba nililitoa kwenye ubao wa wenzake. Nilichukua bamba la chuma, nikalikata kwa umbo la yai, nikaliacha likae nje mvua ya Septemba yote, nikalikausha siku kadhaa karibu na hita, kisha nikalipaka nta ya nyuki ya moto. Likawa jeusi lenye wekundu ndani. Nilijivuna. Nililitundika peke yake kwa skrubu mbili, mwisho wa mstari. Nta niliipaka mbele tu. Nyuma, ambako hakuna anayetazama, nilipasahau, na ukuta ule ulikuwa wa nje, wenye unyevu wa baridi. Siku ya kumi michirizi miwili ya kutu ikateremka kwenye rangi nyeupe kama machozi. Mwenye ukumbi alikuwa mpole lakini bili alileta. Nikalishusha, nikalipeleka stoo. Ukutani zikabaki skrubu mbili na kibandiko.

Tarehe 28 Februari ni Siku ya Kalevala, bendera hupandishwa nchi nzima. Siku hiyo aliingia bibi mmoja na kigari chake cha kutembelea, koti zito, hana haraka. Alisimama kwenye picha ya nyota akataka kujua kitambaa kimeandikwa nini. Nikamfasiria. Akasema kwamba Väinämöinen, kabla hajazaliwa, aliomba mwezi na jua vimtoe tumboni, na Otava, zile nyota saba za kaskazini, zimfundishe, kwa hiyo naye alianza safari kwa nyota za wengine. Kisha akasogea, akihesabu mayai kwa kidole, akafika kwenye skrubu.

"Sita," akasema. "La chuma liko wapi?"

Nikamweleza, nikidhani atacheka. Akaomba kuliona. Nikamwongoza hadi stoo, kati ya ngazi na makopo ya rangi, nikaligeuza bamba upande wa nyuma nimwonyeshe kosa. Alivua glavu, akapitisha kidole juu ya kutu mbichi, akakinusa. Akasema kinanuka kisima cha kwao. Nilimtafutia karatasi ya kufutia. Aliipokea, akaikunja akaitia mfukoni, akavaa glavu yake na kidole kikiwa chekundu vile vile.